Dosié ya mashine ya kusaga: kabla ya kuomba tena

Kila siku ya likelemba mnatuuliza: ile mashine ya kusaga mahindi imefika wapi? Haijafika. Na sehemu ya makuta tuliyochanga kwa ajili yake haitarudi. Tunaandika wazi kwa sababu ni makuta ya sisi wote.

Mwaka jana mtu mmoja alikuja kwetu Karavia akisema anajuana na shirika la Ulaya linalosaidia wanawake. Akataka dola 100 za kufungua dosié. Tukampa. Akatuletea karatasi kumi na mbili za Kifaransa kitamu, ambacho wengi wetu hatukukielewa. Mama mmoja aliyesoma vizuri alipotufasiria, tulishangaa: eti chama kina wanachama 300 na shamba kubwa. Sisi tuko 34, na shamba hatuna. Tulipompigia yule mtu simu, haikupatikana tena.

Tangu siku ile tumekwenda kuuliza kwa wanaojua. Tuliloambiwa kwanza ni hili: shirika la kweli la msaada halidai makuta ili lipokee ombi lako. Anayedai, mfungulieni mlango atoke.

Tukajifunza pia kwamba si lazima kutafuta mzungu. Ipo mifuko ya wanawake iliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, wenye makao Accra, Ghana, ulianzishwa na wanawake watatu, mmoja wao Hilda Tadria wa Uganda. Na kwetu Kongo upo Fonds pour les Femmes Congolaises. Kila mfuko una majira yake ya kupokea maombi na mambo unayoyasaidia. Kuna usiogusa mashine kabisa. Soma masharti kwanza, usije ukapoteza usiku tatu ukiandika bure.

Halafu kuna karatasi za serikali. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia ASBL. Inataka wanachama wasiopungua saba na katiba iliyoandikwa. Anayetoa utambulisho kamili ni Waziri wa Sheria, baada ya kupata maoni ya wizara inayohusika na kazi ya chama. Njia hiyo ni ndefu. Chama ambacho hakijamaliza kinaweza kuomba pamoja na ASBL iliyokwisha kutambuliwa, lakini muandikiane kabla: makuta yanapita wapi, nani anatia sahihi, nani anabaki na mashine siku mkiachana. Wamama wengine wataona hii ni kukosa imani. Sisi tunaona ni afadhali ugomvi wa mezani leo kuliko wa polisi kesho.

Lakini lililotuuma zaidi ni swali moja katika fomu: makuta ya msaada yakiisha, kazi itaendelea namna gani? Katika zile karatasi kumi na mbili hakukuwa na jibu. Tulikaa jioni nzima tukihesabu. Umeme hapa unakatika; basi ni mashine ya mazuti au tungoje? Mazuti nani atanunua? Fundi atalipwa kwa mwezi au kwa kazi? Mkanda ukikatika? Kila ndoo ya mahindi tutoze franga ngapi, ili mama wa bukari ya watoto sita asituache akarudi kule mbali? Mwishoni tuliona kwamba mashine kubwa tuliyoitamani ingetuua. Tukachagua ndogo.

Wangari Maathai wa Kenya hakuanza na makubwa. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani moja ya Nairobi. Baadaye wanawake wa vijijini walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliochimbiwa shimo. Kwa hiyo ilibidi kuhesabu na kuandika, hata kwa mama ambaye shule hakuiona.

Na sisi hesabu tunayo. Daftari la likelemba lina miaka minne: nani alitoa, nani alipokea, nani alichelewa na kwa sababu gani. Lina madoa ya mafuta ya mawese, lakini hakuna ukurasa uliochanwa. Yule bwana wa dola 100 hakuuliza hata kuliona. Safari hii nakala yake inaingia katika dosié, na idadi ni 34.

Jumamosi tunaandika ombi upya, kwa Kiswahili kwanza, kisha yule mama aliyetufasiria atalitia katika Kifaransa na kutusomea lote kwa sauti kabla hatujatia sahihi. Aliye na risiti yoyote ya mchango wa mashine aje nayo. Na dola 100 zile tutaziandika katika daftari kama zilivyo: zimepotea.