MITANDAO YA KIJAMII ILIANZIA WAPI?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, ukiwauliza wanafunzi wenzangu mitandao ya kijamii ilianza lini, wengi watakujibu kuwa ilianza na Facebook mwaka wa 2004. Eti kabla ya hapo watu walikuwa gizani! La hasha. Hebu twende pamoja hadi kwenye duka moja la santuri mjini Berkeley, California, nchini Marekani, mwaka wa 1973.

Duka hilo liliitwa Leopold's Records. Wanamuziki walizoea kubandika vikaratasi kwenye ubao wa matangazo hapo, huyu akitafuta mpiga gitaa, yule akiuza ngoma. Mwezi wa Agosti mwaka huo, Efrem Lipkin, Mark Szpakowski, Lee Felsenstein na wenzao waliweka mashine kando ya ubao huo. Mpango wao waliuita Community Memory, yaani kumbukumbu ya jamii.

Je, ulifanyaje kazi? Mashine yenyewe ilifanana na taipureta kubwa. Haikuwa na skrini bali ilichapa kwenye karatasi. Nazo kelele zake! Ilibidi ifunikwe kwa sanduku la kadibodi lililotiwa sponji, likaachwa matundu ya kuingizia mikono. Iliunganishwa kwa laini ya simu na tarakilishi iliyokuwa San Francisco, ng'ambo ya ghuba. Laini hiyo ilipitisha herufi kumi tu kwa sekunde moja. Amri zilizohitajika sana zilikuwa mbili: kuongeza na kutafuta. Mtu aliandika ujumbe wake, kisha akauwekea maneno ya kuutambulisha, kwa mfano "gitaa" au "nyumba". Mwingine akija akitafuta neno hilo, jumbe zote zilizolibeba zilijitokeza. Kumbe ile alama ya # tunayoringa nayo leo ina babu yake!

Waanzilishi walitarajia watu waandike habari za kazi, magari na nyumba za kukodi. Waliandika hizo, lakini pia waliandika mashairi, mizaha na mabishano. Mtu mmoja aliuliza ni wapi angepata bagel nzuri, yaani ile mikate ya mviringo yenye tundu katikati. Wawili walimtajia maduka. Wa tatu alimwelekeza kwa mtu ambaye angemfundisha kuioka mwenyewe! Mwingine alijificha nyuma ya jina la kubuni, Doctor Benway, akawa anaandika vichekesho vyake. Kwa hivyo msomaji, hata majina bandia si mambo ya jana.

Hakuna refu lisilo na ncha. Mpango huo wa kwanza ulifungwa Januari 1975. Hata hivyo, mbegu ilikuwa imeshaota. Mnamo Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walifungua ubao wa matangazo wa tarakilishi mjini Chicago, uliopigiwa simu na mtu mmoja mmoja kwa zamu. Mwaka wa 1984, Tom Jennings alianzisha FidoNet, ambapo mbao kama hizo zilipigiana simu usiku, gharama ikiwa nafuu, na kupokezana barua. Hata Nairobi iliguswa, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya serikali yaliitumia FidoNet kabla intaneti haijawafikia wananchi.

Sasa, haya yanatuhusu vipi sisi? Nina mambo mawili. Kwanza, pale dukani palikuwa na mtu aliyekaa karibu na mashine kuwasaidia wageni. Pili, Community Memory iliporudi katika miaka ya 1980, kusoma kulikuwa bure, lakini kutoa maoni kulilipiwa senti 25, na kufungua mjadala mpya dola moja. Mtu alifikiri kidogo kabla ya kutia sarafu yake.

Leo hatuna wa kukaa kando yetu, wala sarafu haitakiwi. Jirani yangu mmoja mtaani alikosa shule wiki nzima kwa sababu ya uongo uliosambazwa juu yake katika kikundi cha WhatsApp. Waliousambaza walibonyeza tu, wakaendelea na chakula cha jioni. Kweli, ulimi hauna mfupa, na simu nayo haina ulimi wa kuona haya.

Mgala muue na haki umpe: mitandao hii hutupatia maswali ya marudio, habari za ndugu walio mbali na hata kazi. Ninalosema ni kwamba ilizaliwa kando ya ubao wa matangazo, mahali ambapo jirani alisoma maneno ya jirani. Basi wenzangu, kabla hujatuma ujumbe, jiulize: je, ningeubandika huu kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya walimu, watu wote wakinitazama? Ikiwa jibu ni la, ufute.