Orodha tatu, mbegu hakuna: namna ya kuunganisha programu za kazi huku kusini mwa Maniema

Leo siongei juu ya mihogo wala mpunga, hata kama ndiyo nilisomea. Naongea juu ya programu za ordinatere, zile ambazo kazi yake ni kuunganisha programu zingine na kuzichunga zisizimike. Mtu atauliza: wewe wa agronomi unatafuta nini humo? Nitamjibu kwa jambo lililonipata.

Msimu mmoja nilikuwa ajenti wa kuandika wakulima, nikizunguka na pikipiki katika vijiji vya Kasongo hadi upande wa Kabambare. Orodha za vikundi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa Excel katika biro moja. Ya pili ilikuwa kwenye telefone zetu, ndani ya KoboToolbox. Ya tatu ilikuwa daftari la ushirika. Kundi moja la wamama wa mpunga lilikuwa katika zote tatu, lakini jina lake liliandikwa mara na s, mara na z, mara maneno mawili badala ya moja. Ordinatere ikasoma vikundi vitatu. Kundi la jirani lilikuwa kwenye daftari peke yake, na lile daftari hakuna aliyeliingiza kwenye mashini.

Mbegu zilipofika, kundi la kwanza likaitwa mara tatu, likachukua mara moja, na mifuko ingine ikabaki depo ikingoja wenyewe ambao hawako. Kundi la jirani likarudi mikono mitupu, na mvua za mwezi wa tisa zilikuwa zimekwisha anza. Mama mmoja wao akaniuliza: "Mtoto wangu, mwenzako alikuja, tukamupa maji, akatuandika. Sasa ile karatasi ilienda wapi?"

Karatasi haikupotea, ilikuwa palepale kwenye meza. Ilikosa tu njia ya kufika mahali mbegu zinagawiwa. Kuitengenezea njia, ndiyo kazi ya hizi programu ninazotaka kulinganisha leo.

1. Kuunganisha moja kwa moja

Hii ndiyo njia tunayoijua wote. Programu A inatuma kwa B, B inatuma kwa C. Mara nyingi "kuunganisha" ni sisi wenyewe: unatoa Excel kwa Kobo, unaibeba kwenye kifunguo, unaibandika upande wa pili. Mukiwa na programu tatu, njia ni tatu. Mukiwa na tano, njia zinakuwa 10. Mukiwa na kumi, zinakuwa 45. Hesabu yake ni rahisi: idadi mara idadi ukitoa moja, kisha gawa kwa mbili. Siku biro moja inabadilisha jina la safu moja tu, njia zote zinazoifikia zinakatika, na mara nyingi hakuna anayejua mpaka wakati wa raporo.

Tusiidharau lakini. Kwa programu mbili au tatu, inatosha kabisa. Kobo na DHIS2 zote ziko na mlango ambao programu ingine inaweza kupita kuomba data bila mtu kubandika kwa mkono. Kijana anayejua kuandika mistari kidogo ya Python anaweza kufanya hiyo kazi, na haina malipo zaidi ya jasho lake.

2. Mtambo wa katikati

Hapa kila programu inaongea na mtambo mmoja tu. Ule mtambo unapokea, unatafsiri, unapeleka. Fikiri soko la Kasongo: mtu wa mchele hamtafuti kila mnunuzi nyumbani kwake. Wote wanakutana sokoni, na programu kumi zinahitaji njia kumi tu, si 45.

Majirani zetu wamefanya hivyo kwa nchi nzima. Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao, yaani eGA, ilijenga mfumo unaoitwa GovESB ili taasisi za serikali zibadilishane taarifa. Uganda, NITA-U iko na UGhub, iliyojengwa juu ya programu za WSO2, kampuni iliyoanza Sri Lanka mwaka 2005.

Kwa bei, tofauti ni kubwa. MuleSoft, ambayo Salesforce iliinunua mwaka 2018, inalipiwa lisansi (hapa lisansi si ile diploma yetu, ni ruhusa ya kutumia), na bei yake ni ya makampuni makubwa. WSO2 iko na programu ambazo msimbo wake uko wazi, halafu wanauza msaada. Apache Camel ni ya bure kabisa, lakini inataka mtu anayejua Java vizuri. Kumbe hata ya bure iko na bei: mshahara wa yule anayeijua. Tena mtambo wa katikati uko na udhaifu mmoja: ukizimika, wote wananyamaza.

3. Kila mtu na mlango wake

Estonia ilianza na X-Road mwaka 2001. Pale hakuna ghala moja la data. Kila ofisi inabaki na data yake na inaweka serveri ya usalama mlangoni. Ofisi ingine ikitaka kitu, inaomba, inatambulishwa, na ombi linaandikwa ili kesho ijulikane nani aliuliza nini. Kwa upande wa siri za watu, mimi naona hii ndiyo njia nzuri kuliko zote. Lakini kila ofisi lazima iwe na serveri inayowaka wakati wote, pamoja na mtu wa kuichunga. Kule Kabambare, ambako biro inawasha umeme wa jua saa chache na rezo inakuja na kwenda, mlango wa namna hiyo utakuwa umefungwa karibu kila siku.

Watu wa afya walitutangulia

Kabla ya kuchagua, tutazame jirani wetu wa karibu zaidi: zoni ya afya. Wizara ya Afya ya Kongo inatumia DHIS2, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya raporo za zoni 519 za nchi. Maniema iko na 18, na kati yake ni Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Raporo ya kituo cha Lusangi na ya kituo cha Kinshasa zinaingia katika hesabu moja. Kwa nini? Si kwa sababu DHIS2 ni ya ajabu. Ni kwa sababu kila kituo kiko na utambulisho wake mmoja, na maswali ya fishi ni yaleyale kila mahali. Ukikosea kuandika jina la kituo, utambulisho unabaki uleule.

Na hapa Kasongo hatukungoja ordinatere ili kujifunza hayo. Kuanzia mwaka 1971, madaktari wa Kasongo pamoja na wale wa Taasisi ya Tiba ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga huduma za afya ambamo vituo vya vijijini na hospitali vilifanya kazi kama mwili mmoja. Waliwafuata watoto waliopewa chanjo ya surua na wale ambao hawakupewa, wakatoa matokeo katika gazeti la kitabibu The Lancet mwaka 1981. Mawazo ya Kasongo yalikuwa kati ya yale yaliyosaidia Zaire kugawa nchi katika zoni za afya 306 miaka ile ya 80. Kazi yote hiyo ilisimama juu ya karatasi zilizopangwa vizuri. Mpangilio ulikuja kwanza, mashini ikaja nyuma.

Nani anachunga mashini?

Kuunganisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kama vitu vinaendelea kutembea. Kwa hilo kuna programu kama Nagios, Zabbix na Prometheus. Zote tatu unaweza kuzipata bure. Nagios ni ya zamani zaidi, inauliza: serveri iko hai, ndiyo au hapana? Zabbix inaongeza picha za siku kwa siku na maonyo, ndani ya programu moja. Prometheus inapendwa na wenye serveri nyingi zinazozaliwa na kufa kila saa, jambo ambalo huku hatuna.

Kwa ofisi ndogo, Zabbix moja kwenye ordinatere ya kawaida inaweza kutosha. Lakini onyo likienda kwa barua pepe ambayo hakuna anayeifungua, ni sawa na kengele ya kanisa katika pori. Kwa telefone za maajenti, chombo bora ni jedwali dogo ukutani: jina la ajenti, tarehe ya mwisho aliyotuma, fishi ngapi bado ziko ndani ya telefone. Kobo inaruhusu kuandika bila rezo na kutuma baadaye, na hiyo ni neema. Lakini telefone ikianguka mtoni Luama kabla ya kutuma, vijiji vyote vya wiki ile vimeanguka pamoja nayo.

Basi tuchague nini?

Mimi nauliza maswali manne kabla ya kusikia jina la programu. Inafanya kazi bila rezo kwa siku kadhaa? Ikikufa, nani hapa Kasongo au Kindu anaweza kuifufua? Proje ikiisha na pesa ikikatika, itaendelea? Na tukitaka kuhama, data yetu inatoka? Kobo na ODK zinatumia namna moja ya kuandika fishi katika Excel, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda ingine, maswali unahama nayo. Hiyo ni faida kubwa kuliko picha nzuri kwenye skrini.

Swali la tano tusilisahau. Kabambare ni mahali ambako watu wamekimbia bunduki zaidi ya mara moja. Orodha yenye jina, namba ya telefone na kiasi cha mavuno ya kila mkulima, ikiunganishwa kila mahali, inaweza kufika mikononi mwa mtu mubaya. Kwa hiyo tuunganishe kile kinachohitajika tu: namba ya kundi, kijiji, idadi ya wanachama, aina ya mbegu. Majina yabaki kwenye ushirika.

Kwa hali yetu ya leo, jibu langu ni hili: Kobo au ODK shambani, njia ya moja kwa moja kati ya programu mbili au tatu, na mtambo wa katikati tuuache mpaka programu zikiwa nyingi kweli. Lakini kabla ya yote, namba moja kwa kila kijiji na namba moja kwa kila kundi, iliyokubaliwa na biro, proje na ushirika. Hakuna programu, ya bure wala ya mamilioni, itakayojua kwamba s na z ni wamama walewale kama sisi hatukuiambia.

Hiyo kazi haihitaji injinia kutoka Ulaya. Inahitaji watu wanaovijua vijiji na wanaoweza kukaa mbele ya ordinatere bila kuogopa, yaani sisi. Anayesoma informatike na anayesoma agronomi wakae meza moja, waanze na sekta moja tu, wafike mpaka mwisho. Aliye tayari aandike hapa chini sekta anayoijua. Mimi nitaanza na vijiji vya yule mama. Mvua za mwezi wa tisa zitarudi, na safari hii sitaki aniulize karatasi ilienda wapi.