Alama Itakayosema Tukiwa Hatupo

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie kisa cha kweli.

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, vijana wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa. Walikuta mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, wakang'oa kipande chake kizito na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku, mnunuzi akaona mwanga wa buluu ukitoka ndani yake. Alifurahi kama aliyeokota kito! Akawaita ndugu na majirani waje kutazama, akawagawia ule unga unaong'aa. Binti mmoja wa miaka sita aliushika, kisha akala kwa mikono ileile.

Unga huo ulikuwa sesiamu, na mionzi yake haionekani wala hainuki. Watu wa nyumba ile walipoanza kuugua mmoja baada ya mwingine, mke wa mnunuzi alikishuku kile kitu. Akakitia kwenye mfuko, akapanda basi, akakipeleka kwa maofisa wa afya. Aliokoa wengi, lakini yeye mwenyewe hakupona. Wanne walifariki, yule binti akiwamo, na watu 249 kwa jumla walikutwa na unga ule mwilini au nguoni.

Sasa niwaulize: nani angewaonya watu wale? Daktari hakuwepo. Mlinzi hakuwepo. Kinachobaki wakati watu wameondoka ni kitu chenyewe na alama iliyochorwa juu yake.

Alama ya mionzi ilikuwapo duniani tangu 1946, ilipobuniwa kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley: duara dogo lenye mapanga matatu kulizunguka. Aliyefundishwa huielewa. Asiyefundishwa atadhani ni pangaboi.

Ndipo Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likataka alama mpya. Michoro ikapelekwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwamo, watu wa rika na elimu mbalimbali, waulizwe: hapa unaona nini? Mwaka 2007 alama ikatangazwa. Ni pembetatu nyekundu: juu mapanga matatu yakitoa mawimbi, chini fuvu la kichwa na mifupa, kando yake mtu anayekimbia. Hubandikwa karibu na kiini cha mashine, mahali ambapo huioni mpaka uanze kuifungua mashine. Inausubiri mkono wa yule asiyejua.

Huo ndio usanifu, wajukuu zangu. Wengi hudhani usanifu ni kupamba. Usanifu ni kumfikiria mtu usiyemjua kabla hajafika: atakuja vipi, atajua nini, atakosea wapi.

Na wapo wageni walio mbali zaidi, wa maelfu ya miaka ijayo. Huko Finland wamechimba mapango ndani ya mwamba, kina cha mita zipatazo 430, ili kuzika mabaki ya vinu vya nyuklia kwenye makasha ya shaba yaliyozungushiwa udongo wa mfinyanzi. Mahali hapo panaitwa Onkalo, na mabaki hayo yanatakiwa yatulie kwa miaka 100,000. Je, tuwaandikie nini watu wa wakati huo? Maandishi ya binadamu yana umri wa miaka 5,000 hivi. Tazameni hata kwetu: Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Haijatimia hata miaka 300, na wengi wenu mkipewa mswada ule leo hamwezi kuusoma. Basi wasanifu wa Onkalo hawakutegemea maneno peke yake. Wameuachia mwamba, shaba na udongo kazi ya ulinzi, hata kama hakuna atakayekumbuka.

Nawapa kazi. Chukueni karatasi, mchore alama isiyo na neno hata moja inayosema: usifungue. Mwonyesheni mdogo wenu, kisha bibi. Msiwaeleze chochote, waulizeni tu wanaona nini. Wakikosea, msiwacheke: kosa ni la mchoro. Choreni tena mpaka waelewe, kwa sababu siku moja mtu atasimama mbele ya kazi ya mikono yenu, nanyi hamtakuwepo kumweleza.