Shule zikifunguliwa na mvua zikianza: namna ya kumtunza mbwa na paka Busia na Tororo

Katika mji wa Busia, mstari wa mpaka hutenganisha kalenda mbili za shule. Upande wa Kenya mwaka wa masomo huanza Januari, na wanafunzi wengi huwa nyumbani mwezi Novemba wakati wenzao wakifanya mitihani ya taifa. Upande wa Uganda masomo huanza Februari na kumalizika mapema Desemba. Kwa mzazi, tofauti hiyo ni suala la karo na nauli. Kwa mbwa aliyezoea kulishwa na mtoto wa nyumba, ni siku ambayo rafiki yake hutoweka bila ya maelezo.

Mfano ulio wazi zaidi ulionekana baada ya janga la korona. Shule za Kenya zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, ilhali za Uganda zilisubiri hadi Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zifungwe. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa upande wa Uganda katika kipindi hicho alikua akiamini kwamba nyumba hujaa watu mchana kutwa. Ghafla ua ukawa kimya.

Mbwa na paka huishi kwa mazoea. Hutambua saa ya chakula, mlio wa lango na hatua za kila mtu wa nyumbani. Mazoea hayo yakivunjika, wengine hukataa chakula, wengine hubweka usiku kucha, hulamba miguu hadi ikapata vidonda au huchimba chini ya ua ili watoroke. Mara nyingi mwenyewe hudhani ni ukaidi, akaongeza mnyororo. Mnyororo hauondoi upweke. Humfanya mbwa awe mkali zaidi, na mkali huyo ndiye atakayemuuma mgeni wa Krismasi au mtoto wa jirani.

Dawa ya hali hiyo haina gharama kubwa. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mtu mzima atakayebaki nyumbani aanze kumlisha mnyama yeye mwenyewe, huku saa ya chakula ikisogezwa kidogo kidogo. Kwa familia za Kiislamu, utaratibu huo unafaa pia mwezi wa Ramadhani unapokaribia, kwa kuwa taa na sufuria za daku humwamsha paka saa ambayo zamani alikuwa amelala. Nyumba isiyopenda mbwa aingie ndani inaweza kumjengea banda uani, lenye paa lisilovuja na sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini.

Banda hilo huonekana thamani yake mvua kubwa zinapoanza mwezi Machi. Nyanda hizi zilizo karibu na Ziwa Victoria hupata ngurumo nyingi, na mbwa mwenye hofu huweza kuruka ua na kupotea. Afungiwe mapema mahali penye giza kidogo anapopazoea, wala asipigwe kwa kulia. Baada ya mvua majani hurefuka, na kupe huongezeka. Kagua masikio, makwapa na nafasi za vidole. Katika miezi mikavu ya Desemba hadi Februari, taabu hugeuka: vumbi la sakafu za udongo hubeba funza, ambao huingia katika nyayo za mbwa kama waingiavyo katika miguu ya watoto. Kuwatoa kwa watoto na kumwacha mbwa ni kazi nusu.

Hapa pana hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Baadhi ya wafugaji humpulizia mbwa, hata paka, dawa ile ile waliyoichanganya kwa ajili ya ng'ombe. Nyingi kati ya dawa hizo zinaweza kumuua paka, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuzivunjavunja. Panadoli nayo ni sumu kwake, hata kiasi ambacho mtu angekiona kidogo. Mavuno ya mahindi yakiingia ghalani, panya hufuata, na watu hutega sumu; paka anayemla panya aliyekula sumu hiyo naye huathirika. Penye paka mwindaji, ni afadhali mtego. Vichwa vya dagaa, iwe unawaita omena au mukene, humtosha kama nyongeza, lakini maji safi ndiyo anayoyakosa zaidi wakati wa kiangazi.

Tororo ina jambo lake la kuangalia. Huko ndiko lilikokuwa shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale, na si kwa bahati: mbung'o ni wenyeji wa vichaka vya eneo hili. Mbwa naye hupata ugonjwa huo. Akikonda, akiwa na homa na jicho likafunikwa na utando wa rangi ya maziwa, usifikirie kwamba amepigwa na jiwe. Mfikishe kwa ofisa wa mifugo haraka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia mtoto wa mbwa anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Familia nyingi hapa zina ndugu pande zote mbili, na mbwa huvushwa pamoja na mizigo. Anayemvusha anapaswa kuwa na cheti cha chanjo na kibali cha mamlaka za mifugo, hata kama safari ni ya dakika kumi kwa boda boda, chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani dalili zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kushikwa bila ya hatari, asiuawe papo hapo. Afungiwe, apewe maji na chakula, na aangaliwe na ofisa wa mifugo kwa siku 10. Majeruhi asisubiri siku hizo ndipo aanze kuchomwa sindano.