Mama Anayevuja Mkojo Baada ya Kuzaa

Ninyi wa Tabora mjini, na ninyi wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Nzega, sogezeni viti karibu. Leo tutazungumza habari ambayo wanawake huulizana kwa sauti ya chini, na wanaume hawaiulizi kabisa. Nawaomba akina baba msiondoke, maana mara nyingi ninyi ndio mnaoshika fedha ya nauli.

Habari yenyewe ni fistula ya uzazi. Mama ameshikwa na uchungu siku mbili au tatu, na mara nyingi mtoto amezaliwa amekwisha kufa. Kisha, baada ya siku chache, mkojo unaanza kumtoka wenyewe, usiku na mchana, wala hawezi kuuzuia. Wengine hutokwa na choo kikubwa vile vile.

Swali la kwanza ni hili: je, amerogwa? Au alitoka nje ya ndoa wakati wa mimba?

La, hakurogwa, na mwenendo wake haumo katika jambo hili. Mtoto akizaliwa hupita katikati ya mifupa ya nyonga, ambayo imekaa kama pete. Kichwa kikiwa kikubwa kuliko nafasi iliyopo, au mtoto akiwa amelala vibaya, hukwama. Tumbo la uzazi haliachi kusukuma. Sasa, baina ya kichwa cha mtoto na mfupa iko nyama laini ya uke na ya kibofu cha mkojo. Nyama hii ikibanwa kwa muda mrefu haipati damu. Mmewahi kuona kidole kilichokazwa kwa uzi? Kwanza hubadilika rangi, kisha hufa ganzi, na uzi usipofunguliwa, nyama yenyewe hufa. Ndivyo ilivyo hapa. Nyama iliyokufa hubanduka, likabaki tundu baina ya kibofu na uke, na mkojo hupita hapo. Tundu likiwa upande wa nyuma, choo kikubwa ndicho kinachopita.

Angalieni jambo moja. Nyama haibanduki siku ile ile ya kuzaa. Huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo mama huanza kuvuja wakati watu wamekwisha kuja kumpa pole, na hapo ndipo hutafutwa mgeni aliyeleta uchawi. Mgeni yule hana kosa. Tundu lilianza kutengenezwa wakati wa uchungu.

Swali la pili: mbona bibi zetu walizaa nyumbani wasipate ugonjwa huu?

Waliupata, na wengine walikufa kabla ya kuvuja. Mnajua kwamba Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika hapa, mahali palipoitwa Kaze, mwezi wa Novemba. Katika misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi wanawake pia walikuwamo, na wengine walizaa njiani. Aliyekwama hakuwa na daktari wa kumpasua, si mbele wala nyuma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi mabasi yapo, na simu zipo. Lakini bado mama hungojeshwa: mama mkwe anamngoja mume, mume anangoja fedha ya tumbaku, na mvua imekata njia. Uchungu ukipita muda wa saa 12 mtoto hajatoka, msingoje tena. Kwa hakika ni bora kwenda unapoanza tu. Tena kumbukeni kwamba zahanati ndogo haifanyi upasuaji, basi ulizeni mapema ni kituo gani kinachopasua na nauli ni kiasi gani.

Wengine huuliza kama ni ugonjwa wa wasichana. Msichana ambaye nyonga yake haijakomaa yumo katika hatari zaidi, ingawa hata mama wa watoto sita huweza kukwama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2019. Mimi ni mtu wa elimu, na mahali pa mtoto wa miaka 15 ni darasani.

Swali la nne, nalo ndilo kubwa: je, hupona?

Ndiyo, wengi hupona. Mama akiwahi mapema, daktari huweza kumwekea mpira wa mkojo kwa majuma kadhaa, na tundu dogo huziba lenyewe. Tundu kubwa hushonwa kwa upasuaji, hata kama mama amevuja miaka 20. Wako wanaohitaji kupasuliwa zaidi ya mara moja, na wako wachache ambao hubaki wakivuja kidogo, sitawaficha hilo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imetibu wanawake wa namna hii miaka mingi bila kuwatoza fedha, na Bugando ya Mwanza hutibu pia. Hapa kwetu aanzie zahanati au hospitali ya Kitete, aseme wazi, “Navuja mkojo tangu nilipozaa,” aombe kupelekwa mbele.

Wakati wa kungoja asijinyime maji. Wengi hunywa kidogo wakidhani watakauka, kumbe mkojo huwa mkali, ukaunguza ngozi na kunuka zaidi.

La mwisho: baada ya kushonwa, je, atalala na mumewe na kuzaa tena?

Atalala naye, lakini kwanza kidonda kipone. Kwa kawaida huambiwa wangoje miezi 3, au kama daktari atakavyoagiza. Kuzaa pia huwezekana kwa wengi. Akipata mimba aende kliniki mara moja, aeleze kwamba alishonwa, kwa sababu mtoto huyo apaswa kuzaliwa kwa upasuaji. Asingoje uchungu kijijini. Siku zikikaribia ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, na kadi yake ya kliniki aende nayo.

Kwaherini.