Kifungo cha Maisha Kisicho na Kipimo

Mwanafunzi wa Karungu akiuliza maana ya "kifungo cha maisha", mwalimu atamjibu nini? Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa wa miaka 30 mwenye mwenendo mwema kwa kawaida hupunguziwa thuluthi moja, akatoka baada ya 20. Wa maisha hapunguziwi hata siku moja.

Desemba 2017, ilipofuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa wauaji, Mahakama ya Juu ilisema kuwa kukiwekea kifungo cha maisha kipimo ni kazi ya Bunge. Kipimo hakikuja. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikajipimia yenyewe: Malindi, mwezi Julai, ikatoa miaka 40, Kisumu, mwezi Desemba, 30. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Malindi na kukirejesha kifungo cha maisha. Basi wenye kosa moja hutenganishwa na tarehe ya rufaa! Hiyo ni bahati nasibu.

Husalia msamaha wa Rais, ibara ya 133 ya Katiba. Lakini ombi sharti liandikwe. Mvuvi wa Sori asiyejua kuandika, ambaye jamaa zake wamekwisha kumsahau, ataandikiwa na nani? Sisemi milango ifunguliwe ovyo. Ibara hiyo hiyo yaruhusu maoni ya waliodhulumiwa yazingatiwe, na mjane ana neno lake. Bunge na litaje mwaka ambao faili la kila mfungwa wa maisha, msomi kwa asiyesoma, litafunguliwa pasipo yeye kuomba.