Dawa mkononi, sigara mdomoni

Ni miji michache duniani iliyokaa na virusi vya UKIMWI muda mrefu kama Lubumbashi. Mwaka 2014 watafiti waliofuatilia vinasaba vya virusi hivyo walieleza katika jarida la Science kwamba vilianza kusambaa kwa binadamu mjini Kinshasa, kwenye miaka ya 1920, vikapanda treni pamoja na abiria, na kabla Kongo haijapata uhuru vilikuwa vimekwisha fika Mbuji-Mayi na Lubumbashi, enzi hizo ukiitwa Elisabethville. Aliyevibeba hakujua amebeba nini, na hakuna daktari ambaye angeweza kumwambia hadi miaka ya 1980.

Mji wenye historia ndefu namna hiyo leo una kundi la watu ambalo zamani halikuwepo: wazee wenye VVU. Katika mitaa yake ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, kote kuna akina baba na akina mama waliopewa vidonge vyao vya kwanza wakiwa hawawezi kusimama, na ambao sasa wanalea wajukuu. Wanameza kidonge kila siku, virusi vimelala, uzito umerudi. Lakini nyumbani watu wananong'ona. Baba amekuwa mzito wa kujibu. Anasahau fedha alipoziweka. Anaanza hadithi, anaiachia njiani. Mmoja atasema ni uzee, mwingine ni pombe ya lutuku, na hakosi wa tatu wa kusema amelogwa. Sigara iliyo kati ya vidole vyake haitajwi na mtu.

Nami naona hapo ndipo pa kuanzia.

Virusi vya UKIMWI huingia kwenye ubongo mapema, ndani ya wiki chache baada ya maambukizi. Ubongo una mpaka wake, ukuta wa mishipa unaochuja damu, ila virusi hujificha ndani ya seli nyeupe zenye ruhusa ya kupita, kama magendo ndani ya lori lenye karatasi halali pale mpakani Kasumbalesa. Vikishavuka, havishambulii seli za fahamu zenyewe. Hukaa ndani ya seli zinazolinda ubongo, nazo huchokozeka na kumwaga kemikali za uvimbe. Uvimbe huo ni mdogo, hauumi, na hauishi. Dawa huupunguza sana bila kuumaliza. Ndiyo maana ule ugonjwa mkali wa akili uliowafanya wagonjwa wa zamani washindwe kutambua watoto wao umekuwa nadra, ilhali usahaulifu wa chini chini umebaki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, ukiwa na watu 1,555 wenye VVU, ulikuta karibu nusu yao wana upungufu fulani wa kumbukumbu, umakini au wepesi wa kufikiri. Wenye hali mbaya kabisa walikuwa 2 tu kati ya 100. Wengi hawakuwa na habari.

Kongo imo katika historia ya vipimo hivi tangu mwanzo, jambo ambalo sisi wenyewe hulisahau. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua kama VVU hugusa akili za watu sawasawa pande mbalimbali za dunia, lilichagua miji mitano: Munich, São Paulo, Bangkok, Nairobi na Kinshasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Kwa kazi hiyo kulitengenezwa kipimo ambacho mtu huunganisha duara za njano na za waridi kwa kufuata namba, badala ya herufi, ili asiyesoma alfabeti asionekane mjinga. Baadaye Kampala ikatoa mchango wake: mwaka 2005 kilitangazwa kipimo kifupi kilichojaribiwa huko na Baltimore, Marekani. Unagonganisha kidole gumba na cha shahada upesi uwezavyo kwa sekunde 5, unafuata mpangilio wa mikono mezani, kisha unakumbuka maneno manne uliyotajiwa mwanzoni, miongoni mwake mbwa na kofia. Alama ni 12. Ukipata 10 au chini, daktari anapaswa kukuchunguza zaidi. Hakuna mashine, hakuna umeme, na kwa mji wenye umeme wa kusuasua kama wetu hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye moshi. Hewa ya kaboni monoksidi iliyomo hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mishipa midogo inayolisha ubongo hukakamaa, damu huganda upesi, na mwili hubaki katika uvimbe ule ule ambao virusi vilikwisha uanzisha. Mwenye VVU tayari yuko karibu zaidi na kiharusi kuliko jirani yake asiye navyo. Akivuta, anakisogelea tena.

Tusiseme kupita kiasi, hata hivyo. Tafiti zilizopima akili za wavutaji wenye VVU hazisemi kwa sauti moja. Baadhi zimekuta wavutaji wakichelewa kufikiri na kushindwa kushika mambo kichwani, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Si ajabu, kwani mvutaji mara nyingi ni mnywaji pia, au ana huzuni, au hakukaa sana shuleni, na kuvitenganisha vitu hivyo si kazi nyepesi. Nikotini nayo ina ujanja wake. Mlinzi wa usiku anayesema sigara humfumbua macho hadanganyi: umakini hupanda kwa dakika chache. Ila sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni kiu ya sigara iliyopita inayotulizwa.

Kuhusu uhai wenyewe hakuna mabishano. Denmark, ambako dawa za VVU ni bure na hazikatiki, watafiti walikokotoa mwaka 2013 kwamba mgonjwa wa miaka 35 anayevuta hupoteza zaidi ya miaka 12 ya maisha kwa sababu ya sigara, na miaka 5 hivi kwa sababu ya VVU. Usomaji wangu ni huu: pale dawa zinapomezwa vizuri, sigara inaua kuliko virusi. Nasi hatuna mapafu wala ubongo tofauti na wa Wadenmark. Tuna mizigo zaidi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven walionyesha jinsi kobalti, risasi na madini mengine yalivyojaa katika mkojo wa wakazi wa Katanga walio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia. Risasi haihitaji msaada kuharibu ubongo.

Nani anavuta? Uchunguzi wa nchi 28 za kipato cha chini na cha kati, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta zaidi ya robo ya wanaume wenye VVU wanatumia tumbaku, na wanawake wachache sana. Hapa kwetu sigara huuzwa moja moja, kwa bei ya peremende. Mchimbaji huvuta kutuliza njaa, dereva kusubiri foleni ya mpakani. Mwenye VVU ana sababu moja zaidi: sigara haimuulizi hali yake.

Kliniki nayo haimuulizi kuhusu sigara. Kila anapokuja kuchukua dawa hupaswa kuulizwa maswali manne ya kifua kikuu: kikohozi, homa, kukonda, jasho la usiku. La tano lingechukua pumzi moja: unavuta? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Julai 2024 unasema ushauri wa sekunde 30 hadi dakika 3 unastahili kutolewa kwa kila mvutaji, na unataja dawa zinazosaidia, kama vareniklini na bandeji za nikotini. Usitegemee kuzikuta katika kila famasia ya Lubumbashi. Ushauri, walau, hauagizwi kutoka ng'ambo. Tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, huku mkoa wetu wa Haut-Katanga ukiwa kati ya mikoa iliyotegemea fedha zake za UKIMWI, tumeona jinsi vinavyoagizwa vinavyoweza kukwama kwa siku moja.

Kumbukumbu, zaidi ya hayo, ni sehemu ya matibabu. Anayesahau kidonge mara mbili tatu kwa wiki huwapa virusi nafasi ya kuamka na kuzizoea dawa. Wauguzi humkemea kwa uzembe mtu ambaye labda anahitaji kupimwa kwa maneno manne na sekunde chache za kugonganisha vidole.

Wewe unayesoma haya na una kadi ya dawa nyumbani: safari ijayo, mwambie muuguzi kwamba unavuta, ngapi kwa siku, na tangu lini, hata kama hakukuuliza. Na kama unasahau kuliko zamani, lisemeni jambo hilo pamoja na mtu wa nyumbani mwako, kwa sababu yeye ndiye aliyeliona kwanza.